Barua 11 za bwenini zimeniumbua: hivi kweli sekondari ndiyo ilikuwa raha ya maisha?

Mzee wa Kwanja (mleta uzi)

Wakuu salaam, na wakubwa shikamooni.

Tuna grupu letu la WhatsApp la waliomaliza kidato cha nne 2004, shule moja ya bweni ya wavulana mkoani Mbeya. Silitaji jina, waliopita pale wataijua kwa baridi tu. Grupu lina kazi mbili: michango ya misiba na stori za shule. Stori ni zilezile kila mwezi. Makande yenye wadudu tuliowaita nyama, kuoga saa kumi na moja alfajiri maji yanachoma utadhani moto, mchakamchaka ndani ya ukungu, patroni na tochi yake. Stori ikiisha lazima mtu aandike "jamani ile ndiyo ilikuwa raha ya maisha", na sisi hamsini na kitu tunajibu kwa vikatuni vya kucheka mpaka machozi.

Kinara wa stori hizo ni mimi. Na stori yangu inayoongoza inaitwa Siku ya Chapati.

Mnisamehe, lazima niieleze. Mwaka 2002, kidato cha pili, Jumamosi moja ya mwezi wa nane, nilikuwa na shilingi 5,000. Elfu tano ya wakati ule, mfukoni mwa mtu aliyeacha kuitwa njuka, yaani mgeni wa kidato cha kwanza, juzi tu! Nikachukua washkaji wanne, tukapita kwenye upenyo wa michongoma nyuma ya vyoo, tukashuka mpaka stendi. Kulikuwa na mgahawa wa mama mmoja. Supu ya utumbo, chapati tatu kila mtu, soda juu yake. Nimeshakula kwenye hoteli za semina, zile unazojipakulia mwenyewe mpaka unaona aibu, lakini chapati zile hazijapata mpinzani. Tukarudi tunapumua kwa shida, tukamkuta mwalimu wa zamu ametusubiri palepale kwenye upenyo, amekaa kwenye kiti, anasoma gazeti. Adhabu ikawa kung'oa kisiki cha mkaratusi, wiki nzima. Na kisiki nacho siku hizi tunakizungumza kama marehemu aliyekuwa mtu mwema.

Sasa mwezi uliopita nilikwenda Makambako kumhamisha mama, anahamia kwa dada yangu. Kwenye kutoa vitu uvunguni nikakuta tranka langu la shule, lile la bati la kijani lenye jina langu kwa rangi nyeupe. Nikafungua nikitegemea panya. Nikakuta barua 11, zimefungwa kwa uzi wa kufumia masweta, zimepangwa kwa tarehe. Zote mwandiko wangu.

Nikakaa kuzisoma huku nacheka. "Mama mpendwa, shikamoo. Mimi mwanao huku niliko ni mzima wa afya njema, hofu na mashaka ni kwenu nyumbani. Dhumuni la barua hii..." Mnakumbuka mtindo huo? Tuliufundishwa shule ya msingi na ulikuwa sheria. Unaweza kuwa umelala sakafuni na malaria, barua inaanza na uzima wa afya, malaria inakuja aya ya tatu.

Na kweli, aya za tatu ndizo zilizonimaliza.

Barua ya kwanza ni ya Februari 2001. Kwenye grupu huwa tunachekana sana kuhusu kupima bweni kwa njiti ya kiberiti. Njuka anapewa njiti, anapima ukuta mpaka ukuta, anatoa hesabu, anaambiwa kakosea, anaanza upya. Au anaamrishwa kupuliza taa ya umeme mpaka izimike. Vichekesho vitupu. Kwenye barua nimeandika hivi: "Mama nimepima mara tatu nimelala saa nane za usiku, na godoro langu wamechukua, nalala kwenye chaga. Naomba uje unichukue, nitasoma hata shule ya kutwa, na jioni nitakuwa nachunga." Hapo nina miaka 14. Wakuu, sikukumbuka kabisa kwamba niliwahi kuomba kurudishwa nyumbani. Mngenipeleka mahakamani ningeapa kwamba jambo hilo halijatokea.

Ya sita sitainakili yote. Siku ya wazazi ilikuwa inakaribia. Nimemwandikia mama kwamba kama hana viatu vya kufunika, na kama atakuja na kile kitenge chake cha kila siku, basi bora asije, mimi nitamwambia mwalimu kuwa anaumwa. Nimeandika kwa adabu zote, shikamoo juu, wako mtiifu chini. Hakuja. Kutokuja kwake nilikukumbuka, ila miaka yote hii nilijua alikosa nauli. Mke wangu nimemsimulia hivyo. Watoto nimewasimulia hivyo.

Ya Julai 2002 ni njaa mwanzo mwisho. Uji wa asubuhi umesimama, mahindi ya stoo yanakaribia kuisha, ugali wa jioni unakatwa vipande kama mche wa sabuni. Naomba "hata elfu mbili".

Katika zote 11, ni moja tu yenye furaha isiyo na ombi ndani yake. Ya 2003, tumewafunga shule ya jirani bao mbili kwa moja. Mistari miwili.

Hoja yangu ndiyo hii, na mnipinge. Sikatai kwamba tulicheka, tulicheka mpaka mbavu zinauma. Ila naona tunachokililia si raha. Tunalilia wakati ambapo shida ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe si sisi. Mahindi yakiisha stoo lilikuwa jambo la mkuu wa shule na mzabuni wake, mimi kazi yangu ilikuwa kushika sahani na kulalamika. Leo unga ukiisha nyumbani, watu wanne wananitazama usoni.

Nina binti yuko kidato cha pili, naye bwenini. Kabla sijazikuta hizi barua nilimwambia kwenye simu ya matroni, "Furahia mwanangu, ndiyo miaka mizuri hiyo, haitarudi." Akanyamaza kidogo. Akasema, "Sawa baba." Ile sawa baba haitoki kichwani.

Karibuni. Na kama wewe ulifaidi kweli, sema, sitaki uzi wa kulia tu.

siti_ya_dirishani

Nimevuta kiti. Uzi mrefu ila nimeumaliza. Ya sita imenichoma.

Simba wa Stendi

Hii chai mkuu. Nani anatunza barua miaka 20? Na elfu tano ikalisha watu watano supu, chapati tatu tatu na soda?

Mzee wa Kwanja

Supu 300, chapati 100, soda 250. Piga hesabu mwenyewe, ikabaki 750 tukanunua karanga. Na kuhusu kutunza, mama yangu ana risiti ya redio iliyonunuliwa kabla sijazaliwa. Redio yenyewe haipo.

Binti wa Kata

Mkuu umepata bweni unalalamika, ngoja wakusimulie waliotembea.

Mimi ni zao la shule za kata, zile zilizochipuka nchi nzima baada ya MMES, mpango wa serikali wa kuendeleza sekondari, kuanza 2004. Kila kata iwe na sekondari yake. Hela walichangishwa wazazi, mawe na mchanga tulibeba sisi kutoka mtoni. Majengo yakasimama, walimu wakawa hadithi. Mwalimu wetu wa hisabati alikuwa pia wa fizikia, na wa michezo, na siku za mwisho wa mwezi hakuwepo kabisa maana alifuata mshahara mjini. Kemia niliisoma kwa kunakili daftari la dada wa rafiki yangu aliyesoma kwa masista.

Nilimaliza 2012. Wanaojua wanajua. Matokeo yalitoka Februari 2013, zaidi ya asilimia 60 ya watahiniwa tukapata sifuri. Kelele nchi nzima, tume ikaundwa, matokeo yakafutwa na kupangwa upya mwezi wa tano. Mimi nikatolewa kwenye sifuri nikawekwa daraja la nne. Kwa hiyo serikali iliniambia nimefeli, kisha ikaniambia ngoja kwanza, na katikati hapo ilikuwa miezi mitatu ambayo sikutoka ndani mchana. Watoto wa jirani walikuwa wanapita dirishani wanaimba "ziro". Nilikuwa na miaka 18. Mtu akiniambia hiyo ndiyo raha ya maisha namwangalia tu.

Lakini nikisema kweli yote, ile njia ilikuwa tamu. Saa moja na nusu kwenda, na kurudi hivyohivyo, wasichana saba. Kila nilichokijua kuhusu hedhi, wanaume na Mungu nilikijulia njiani pale, viatu mkononi ili visiishe soli. Tungepata basi la shule labda leo tusingekuwa marafiki. Sijui niiweke fungu gani hiyo.

Simba wa Stendi

Iweke fungu la miguu.

Mono Mstaafu

Hamjambo ndugu zangu wa Bongo. Niko Kilifi, nasoma hapa kimyakimya miaka mingi.

Njuka wenu huku kwetu aliitwa mono, na mono hakuwa na haki hata ya kikombe chake. Hayo yafanana. Ila mimi nina langu. Machi 2001 shule ya Kyanguli, Machakos, bweni lilichomwa usiku, wavulana 67 wakafa. Nilikuwa fomu two, shule nyingine kabisa huku Pwani. Bweni letu lilikuwa lafungwa kufuli kwa nje kila usiku tusitoroke, na madirisha yalikuwa na vyuma. Wiki nzima tulilala na viatu miguuni. Mwalimu akaja akatuombea dua, akatwambia tusiogope. Akatoka, akafunga kufuli.

Sasa niulize leo kuhusu shule. Nitakueleza githeri, nitakueleza kandanda, na vile tulivyokuwa twaimba nyuma ya lori tukirudi na kombe. Watoto wangu wazijua nyimbo zote. Ile ya kulala na viatu sijawahi kuisimulia hadi leo hapa.

Mzee wa Kwanja

Mkuu wa Kilifi, umenikumbusha Idodi, Iringa, 2009. Wasichana 12, bwenini, usiku. Sisi taa zikizimwa tulikuwa tunawasha mishumaa chini ya blanketi kupiga msuli, yaani kujisomea, magodoro ya sponji, vitanda vya ghorofa vimebanana hakuna pa kupita. Kwenye grupu hiyo nayo ni stori ya ushujaa, na kuna jamaa anaonyesha kovu la nta.

Mshauri Nasaha

Nimesomea mambo haya kidogo, niruhusuni niongeze kijiko.

Ukimchukua mtu wa miaka 50 au 60 ukamwomba akupe kumbukumbu za maisha yake, hazitoki sawasawa kila umri. Zinarundikana kati ya miaka 10 na 30 hivi, na ujana wa kwanza unachukua sehemu kubwa. Wanasaikolojia wamelipima hilo mara nyingi, nchi nyingi. Maelezo mojawapo ni kwamba umri ule kila kitu kinatokea kwa mara ya kwanza. Mara ya kwanza kulala mbali na mama, kupenda, kuiba, kushindwa. Chapati ya kwanza ya hela yako inaandikwa kwa wino, ile ya mara ya elfu moja na mia tatu hata kwa penseli haiandikwi. Lakini rundo la kumbukumbu si kipimo cha furaha. Ni kipimo cha upya wa mambo.

Halafu mleta uzi umesema 2001 ulikuwa na 14, kwa hiyo sasa uko 38 hivi. Kuna wachumi wawili, Blanchflower na Oswald, walichapisha mwaka 2008 uchambuzi wa nchi nyingi wakaona hali ya watu kuridhika na maisha inachora umbo la bakuli. Iko juu ujanani, inateremka, inagusa chini kwenye miaka ya arobaini, kisha inapanda tena uzeeni. Wewe uko kwenye mteremko. Ukitazama nyuma lazima pale juu paonekane pana jua.

Ila bakuli lenyewe limeanza kupinda. Blanchflower huyohuyo miaka ya karibuni anaonyesha kwamba sehemu nyingi za dunia upande wa vijana umeporomoka, hawapo juu tena. Na Shirika la Afya Duniani limekuwa likisema kwamba nusu ya maradhi ya akili huanza kabla mtu hajafika miaka 14 au hapohapo, na mengi hayagunduliwi. Umri ambao wewe ulikuwa unapima bweni kwa njiti.

Simba wa Stendi

Asante daktari kwa kututangazia kwamba tunateremka. Nilikuwa nadhani ni mafuta tu yamepanda bei.

Kaka Mkuu Mstaafu

Mleta mada ulisema aliyefaidi aseme. Nasema mimi.

Baba yangu alikuwa mlevi wa kupiga. Si wa kupiga kelele, wa kupiga watu. Nilipochaguliwa kwenda bweni nilifunga begi wiki mbili kabla. Siku ya kwanza nilipewa kitanda, cha chini, na namba, na kikabati chenye kufuli ambayo ufunguo wake nilikuwa nao mimi peke yangu duniani. Usiku nikasikia watu 60 wanapumua, hakuna hata mmoja anayelia. Sijawahi kulala vile.

Njuka walionewa, nilionewa. Nilichapwa. Makande nilikula mpaka nikayapenda, na mpaka leo mke wangu akipika makande ananiona nimetabasamu kijinga. Lakini kengele ilikuwa inagonga saa ileile kila siku, na mtu akikupiga unajua kwa nini. Kwetu hukujua. Likizo ndizo zilikuwa mateso, nilikuwa nahesabu siku za kufungua shule wakati wenzangu wanahesabu za kufunga.

Kwa hiyo msiseme tunajidanganya wote. Inategemea ulitoka wapi. Miaka yangu minne ya bweni ni ya pili kwa uzuri maishani. Ya kwanza ni hii ya sasa, nina kitanda changu na funguo zote.

Mzee wa Kwanja

Kaka mkuu, hii sina cha kuipinga. Nimeisoma mara mbili.

Mwalimu wa Zamu

Salaam. Jina langu hapo juu ni kazi yangu kweli, mwaka wa 16 huu. Si mimi niliyekaa kwenye upenyo na gazeti, ila nimewahi kukaa kwenye upenyo kama huo, na niwaambie siri: tunajua penyo zote.

Nataka kusema kuhusu viboko, maana naona mnapita juu juu. Kanuni za serikali zinataka visizidi vinne, apige mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, na iandikwe kitabuni. Wangapi kati yenu mlichapwa vinne? Wangapi mliona kitabu? Mzazi akija shuleni kwetu mwaka huu akisikia mwanawe kachapwa kumi, yeye mwenyewe ananiambia "hata sisi tulichapwa, ndiyo maana tumekuwa watu". Hizo stori zenu za grupu, wakuu, ndizo zinazoshika fimbo. Baba aliyegeuza maumivu yake kichekesho hawezi kumsikia mtoto akilalamika. Anasikia kichekesho.

Kila Januari napokea wa kidato cha kwanza. Mzazi anashusha godoro, ndoo, jembe na fagio la chelewa, anampiga mtoto begani, "utafurahi hapa", anawasha gari. Kwenye kona ya ofisi nina viti viwili. Huwa vinajaa mpaka saa nne usiku.

Mama Wawili

Nilikuwa wa pili darasani. Kidato cha tatu, 2009, wakatupima mimba wote kwa kupangwa mstari, yangu ikaonekana. Kufika saa sita mchana nilikuwa nje ya geti na tranka langu. Mwenye mimba alikuwa konda, alihama njia.

Novemba 2021 serikali ilipotangaza kwamba waliojifungua waruhusiwe kurudi shule, mwanangu alikuwa na miaka 11. Nilikuwa jikoni, nikazima jiko nikakaa chini. Mimi nilisharudi kwa njia ya nyuma, nikafanya QT, mtihani wa kufuzu wa wanaosoma nje ya shule, kisha mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, huku nauza vitumbua. Nilikaa chumba cha mtihani na watoto wa miaka 17, msimamizi akadhani nimeleta uji.

Nikiulizwa miaka yangu ya raha nasema ni kuanzia 28. Kabla ya hapo nilikuwa nasubiri tu.

siti_ya_dirishani

Msimamizi akadhani umeleta uji. 😭 Pole dada yangu, na hongera.

pcb_itaniua

Shikamooni wote. Mimi nina miaka 17, kidato cha tano, niko likizo ndiyo maana nina simu.

Naomba niseme kitu bila kuonekana mjeuri. Kila mtu mzima ninayekutana naye, mjomba, mchungaji, fundi aliyekuja kurekebisha bomba, ananiambia hii ndiyo miaka bora ya maisha. Mimi naamka saa kumi. Nina fizikia, kemia, baiolojia, na hesabu ile ndogo ya nyongeza. Nikifeli, familia inajua nani alifeli. Nikifaulu nitakwenda JKT, kisha chuo, kisha wote mnasema ajira hakuna. Kwa hiyo mnaponiambia hiki ndicho kilele, mimi nasikia kwamba baada ya hapa ni kushuka tu. Mnadhani mnanitia moyo. Mnanitisha.

Mwaka jana rafiki yangu alikuwa na hali mbaya sana, hali wala halali. Alimwambia mama yake. Mama akamjibu, "Wewe unalishwa, unalipiwa, una shida gani?" Hakusema tena kwa mtu mzima yeyote. Alituambia sisi.

Yuko sawa sasa. Ila nilitaka mjue.

Mzee wa Kwanja

Marahaba mwanangu. Hujawa mjeuri. Nimekusoma nikiwa kwenye daladala nikapitiliza kituo.

Chungu cha Tatu

Nimefuatilia kuanzia juu. Mkuu, swali dogo tu. Barua ya njaa ni ya Julai 2002, uliomba elfu mbili. Siku ya Chapati ni Agosti 2002, una elfu tano. Hiyo hela ulitoa wapi?

Simba wa Stendi

Wee! Huyu ni upelelezi.

Mzee wa Kwanja

Chungu cha Tatu, nimesimulia stori hii miaka 20 na ushee na hakujatokea mtu wa kuniuliza hivyo. Grupuni huwa wanasema "wewe ulikuwa don" na mimi nakubali. Ukweli sikumbuki. Nilikuwa nadhani nilishinda kamari ya karata. Ngoja nimpigie mama, nitarudi.

siti_ya_dirishani

Tunasubiri. Kiti bado ninacho.

Mzee wa Kwanja

Nimerudi, samahani nimechukua siku mbili. Jumamosi ilikuwa siku ya kutembelea watoto, nikaona nianze na binti.

Nilikwenda na barua ya kwanza, ile ya njiti ya kiberiti. Nikampa aisome tukiwa chini ya mti, mama yake anapakua pilau. Kwenye "hofu na mashaka ni kwenu nyumbani" akacheka sana, akauliza kwani ilikuwa lazima kuandika hivyo. Alipofika chini akaacha kucheka. Akaikunja vizuri akanirudishia. Tukala. Wakati tunaondoka ndiyo akasema, hata hakuniangalia, kwamba kuna dada wa kidato cha nne anayewafulisha nguo wote wa chumba chao, na ndoo yake imeshachukuliwa tangu mwezi wa pili. Nimeongea na matroni. Tutaona. Ndoo nimenunua nyingine.

Mama nimempigia jana. Nikamuuliza, mwaka ule wa njaa, ulinitumia hela? Akafikiri. Akasema, "Si nilimpa konda wa basi la Mbeya elfu tano? Niliuza wale kuku, jogoo na wale matetea wawili. Konda aliniapia kwamba atakufikishia mkononi." Nikamwambia ilifika. Akasema, "Ehee, nilikuwa sijui. Hukuandika kama ilifika."

Hapo nilitaka kumgusia ile barua ya sita. Nilikuwa nimeshaifungua mezani. Sikuweza.

Kabla hajakata simu akaniuliza, "Ulinunulia nini baba?"

Nina miaka 38 na watoto watatu. Nikamjibu: madaftari.